Mafundi mnaopaka vanishi mbao ngumu za nje, mnatutia hasara!

Wadau habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetaka lugha laini apite tu.

Nina nyumba ndogo ya wageni Kigamboni, upande wa baharini. Mbele yake kuna baraza la mbao za msaji, wengine mnauita mtiki. Mbao nene, kiini kitupu, zimekauka vizuri, nilizifuata mwenyewe Muheza. Msaji wa aina hiyo unakaa nje miaka na miaka. Kilichoniharibia baraza si jua wala mvua. Ni fundi na kopo lake la vanishi.

Alipiga msasa mpaka mbao zikateleza, akapaka sending sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao, juu yake vanishi mikono mitatu. Baraza likang'aa, kila mtu akasifia. Masika yalipoingia, kwanza yakatokea mabaka meupe karibu na ngazi. Halafu kingo zikaanza kuinuka. Sasa hivi ukipitisha kucha tu linatoka gamba zima, na chini yake mbao imekuwa nyeusi kwa koga. Nimempigia simu, ananijibu: "Mama, hiyo mbao ndiyo mbovu, ina mafuta mengi." Fundi! Mafuta hayo msaji umezaliwa nayo! Ndiyo yanayoukinga na mchwa na kuoza, na ndiyo hayo hayo yanayofanya vanishi isishike. Hata mtu aking'ang'ania kuipaka, lazima kwanza afute mbao kwa kitambaa chenye asetoni, kile kimiminika cha kuyeyusha mafuta, ikikauka tu apake papo hapo kabla mafuta hayajapanda tena juu. Wewe hukufuta kitu, leo lawama unaitupia mbao.

Tena kopo lenyewe limeandikwa wazi ni la matumizi ya ndani. Mbao ya nje haitulii. Usiku inakunywa unyevu inavimba, mchana jua linaikausha inasinyaa. Vanishi ya makabati ikishakauka haiwezi kuifuata, inapasuka nyufa ndogo usizoziona kwa macho. Maji yanaingia humo, yanakaa chini ya vanishi, hayana pa kutokea. Jua nalo linapenya ile vanishi na kuunguza uso wa mbao ulioishikilia. Hapo hata ungepaka mikono kumi, itabanduka tu.

Na msije na hadithi ya "vanishi ya meli". Vanishi ya meli ipo, ina dawa ya kupunguza makali ya jua, lakini wenye boti wanairudia mara kwa mara, na wanaipaka kwenye fremu na vishikio. Sitaha ya msaji yenyewe kwa kawaida huachwa wazi, inaoshwa kwa maji ya bahari, maana ukiipaka vanishi watu watateleza. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu hii wanalijua hili tangu enzi za mababu: mbao ya chombo inanyweshwa sifa, mafuta ya samaki, haivalishwi ngozi ya plastiki. Sisemi mpake sifa kwenye nyumba ya wageni, harufu yake haivumiliki. Nasema elimu ya mbao na maji tunayo hapa hapa, na mtu anayejiita fundi hajawahi hata kuuliza.

Kilichonichoma zaidi ni skrubu. Amefungia baraza zima kwa zile skrubu nyeusi za jipsam! Nyumba iko hatua chache kutoka baharini! Kila kichwa cha skrubu sasa kimezungukwa na duara jeusi, kutu imekutana na tanini, ile asili ya ukakasi iliyomo kwenye mbao, ikawa wino. Nyingine zimekatika shingo, kwa sababu skrubu hizo ni kavu, hazipindi bali zinavunjika, na hakutoboa matundu kwanza. Karibu na bahari unatumia stenlesi, na ile namba 316 inayohimili chumvi, basi. Bei yake naijua, nilimpa hela ya stenlesi. Hela hiyo imekwenda wapi?

Halafu akaniletea kijana na mashine ya kuoshea magari "aitoe vanishi". Nilimsimamisha akiwa ameshapita mbao mbili. Maji yale yamechimba sehemu laini za mbao, zimebaki nyuzi zimesimama, mtoto akipita pekupeku anachomwa na vijiti. Mwingine akashauri jiki. Jiki inakula nyuzi za mbao, jamani! Baraza linaoshwa kwa sabuni ya kawaida na brashi ya wastani, unasugua kufuata mshipa wa mbao.

Kazi yenyewe ilivyotakiwa wala haitaki makuu. Msasa wa 80 unatosha, usilainishe kupita hapo maana mafuta hayataingia. Subiri kiangazi, mbao ikauke kabisa. Paka mafuta maalumu ya mbao za nje, yenye dawa ya koga na rangi kidogo ya kuzuia jua, asubuhi au jioni, si jua la saa saba. Acha yanywewe, kisha futa YOTE yaliyobaki juu. Vichwa vya mbao, pale ilipokatwa mwishoni, vinyweshwe zaidi, ndiko maji yanakoingia kwa kasi. Mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, yakiwa matupu usipake, kwa unyevu wetu huu koga inayafanya chakula. Na vile vitambaa vya mafuta msivikunje na kuvirundika stoo, vinapata joto vyenyewe na kuwaka moto. Vianikeni au vilowekeni kwenye maji.

Baadaye unamwagia maji kidogo. Yakisimama matone, acha. Yakinywewa, ongeza mafuta. Na mwenye kupenda anaweza kuuacha msaji bila kupaka chochote, utageuka rangi ya majivu, lakini hauozi kwa sababu hiyo.

Sasa fundi anataka nimlipe tena ili akwangue vanishi aliyoipaka mwenyewe. Silipi hata senti.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Aliyewahi kumdai fundi fidia ya kazi kama hii aseme alianzia wapi, mimi nina ujumbe wa simu na risiti zote. Na anayejua duka la Dar linalouza asidi ya oksaliki kwa reja reja anitajie. Skrubu zote nazing'oa wiki hii, baada ya hapo nataka kuyatoa kwa asidi hiyo yale madoa meusi ya kutu kabla sijaanza kupaka mafuta. Wa kuniambia ning'oe mbao niweke tailizi asijisumbue kuandika.