Ukoo wa Corlett (Kibokoni)

*Jumapili*

19:02 Da Maryam: Asalam aleikum. Hamza anatoka Liverpool kwenda Kisiwa cha Man wiki ijayo kutafuta asili ya Mzee Corlett, na ana siku moja tu Douglas, mji mkuu wa kule. Nataka orodha ya kutafuta iishe leo usiku.

19:04 Da Maryam: Kwanza, asiagize mtu tena cheti Uingereza. Kisiwa kina serikali yake na rejista yake, iko Douglas. Faharasa ya Uingereza imejaa akina Corlett wa Liverpool, ndiyo maana tukaletewa cheti cha mtu asiyetuhusu.

19:31 Da Maryam: Watu 17 mmesoma. Kimya.

19:40 Rashidi: Tupo da. Si ndiko kwa paka wasio na mkia huko? 😹

19:41 Hamza: Na bendera yao ina miguu mitatu. Mzee Corlett alishuka Mombasa na miwili, mmoja sijui aliuacha forodhani.

19:43 Da Maryam: Mshacheka. Hamza, cheti cha kuzaliwa cha Mzee usikiulizie, hakipo. Kaburi linasema 1876, na kule kuandikisha vizazi na vifo kulianza kuwa lazima 1878. Tafuta ubatizo. Laxey, kwao Mzee, iko parokia ya Lonan.

19:46 Hamza: Lonan nimeshapekua FamilySearch, ile tovuti ya nasaba. Hayumo.

19:49 Da Maryam: Basi jaribu Wamethodisti, walikuwa wengi kule. Waliobatizwa kwao mara nyingi hawamo kwenye vitabu vya parokia. Nenda maktaba ya makumbusho yao, Manx Museum, uliza rejista za Wesleyan na za Primitive. Wakati ule yalikuwa makanisa mawili mbalimbali ya Wamethodisti, ukiuliza moja watakupa moja.

19:52 Da Maryam: Na njia fupi hii hapa. Sensa ya Aprili 1881 ina dada yake wa mwaka mmoja, nyumba ile ile. Huyo alizaliwa sheria imeshaanza. Lipia cheti CHAKE, kitataja mama yao na ukoo aliozaliwa nao. Hapo ndipo tutaweza kuitafuta ndoa ya wazazi. Ndoa zilikuja kuwa lazima 1884, yao ni ya kabla, kwa hiyo anza na vitabu vya parokia.

19:53 Rashidi: Video 🏍️ Mbio za pikipiki za kule. Huyu jamaa tumlete stendi ya boda Likoni

19:54 Hamza: 😂😂 na abiria wawili na gunia la mkaa

19:58 Da Maryam: Rashidi wewe mchango wa vyeti hujatuma. Mmetuma watatu tu.

20:03 Hamza: Nikishapata jina la mama, wosia nautafuta kwa Corlett?

20:06 Da Maryam: Tafuta kwa yote mawili. Kwenye vitabu vya zamani vya maziko na wosia, mke aliandikwa kwa ukoo wa babake hata akiwa ameolewa. Na usidharau wosia kwa kuwa walikuwa maskini, wenye kitanda na sufuria tu nao waliandika. Wa kabla ya 1884 ulipitia mahakama ya kanisa, kwa hiyo uliza faharasa mbili, ya kabla na ya baada. Tahajia nayo: C, K na Q zinabadilishana, Cain huyo huyo ni Kane.

20:07 Rashidi: Mke abaki na jina la babake? Kumbe Waswahili hawa.

20:15 Ami Salim: Yote hayo mnahangaika na barua za kaka yake Mzee aliyehamia Cleveland, Marekani, zilikuwamo kwenye sanduku la bati. Lilipoondolewa baada ya matanga hakuna aliyeulizwa.

20:16 Da Maryam: Ami, hilo si tulilimaliza.

20:16 Ami Salim: Mlilimaliza nyinyi.

20:38 Da Maryam: Tuendelee. Kipimo cha DNA. Bibi Zena ni mjukuu wa Mzee, amebeba kama robo yake. Mimi na Hamza tuna kama sehemu moja ya kumi na sita. Wajukuu wa yule kaka wa Cleveland kwa Bibi ni binamu wa pili, wastani wa asilimia 3, wataonekana bila shida. Kwetu sisi wanaweza kupotea kabisa. Ni mate tu, asile wala asinywe nusu saa kabla.

20:39 Rashidi: Na tambuu je? 🙈

21:10 Bibi Zena (ameandikiwa na Mwanaidi): Nimesomewa yote. Sanduku liko kwangu na halitoki. Anayetaka barua aje apige picha hapa, na Salim awepo. Na kabla hamjaandika Wazungu wa Cleveland, andikeni mke wa Mzee, Mwanakombo, na watoto wake wote, wa Mombasa na wa Lamu. Bila hao, mate yangu hampati.

21:34 Ami Salim: Naam, shangazi.

21:36 Da Maryam: Naam Bibi. Nitaandika.

*Jumatatu*

05:48 Omari Toronto: Samahani, nilikuwa kazini. Huyo wa Cleveland msianze na meli. Vyeti vya vifo vya jimbo lake, Ohio, vya 1908 hadi 1953 viko FamilySearch bure, na vinataja baba na mama. Ila aliyetoa habari huwa mkwe au jirani, mara nyingi mahali pa kuzaliwa huandikwa "England" tu, msimtupe kwa hilo. Kisha uraia wa Marekani: fomu za baada ya Septemba 1906 zina meli na tarehe ya kufika. Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza ni 1890 hadi 1960, na ni za safari za nje ya Ulaya. Feri ya Douglas hamtaipata. Ya Mzee kuja Mombasa huenda ikawemo.

05:50 Omari Toronto: Na kifo cha Mzee hapo kwetu, tazameni matangazo ya mirathi kwenye gazeti la serikali, linachapwa tangu 1899.

06:20 Khadija: Nimeamka nakuta ujumbe mia. Mchango ni wa nini?

06:22 Da Maryam: Panda juu usome.

06:25 Da Maryam: Ami, picha tupige Ijumaa baada ya swala?

07:40 Ami Salim: Wa Lamu wameambiwa?