Nampeleka mama Nizwa, Oman: mbali na maduka ya Muscat, kuna maisha gani huko jangwani?

Kanyenye_Kwetu

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Nipo Tabora mjini, Kanyenye. Mama yangu mdogo aliolewa Oman zamani, anaishi Nizwa, na safari hii ameng'ang'ania nimpeleke mama akakae naye mwezi mzima wa Januari. Nauli ipo, viza inashughulikiwa. Kinachoninyima usingizi ni mama mwenyewe.

Mama ni mtu wa watu. Asubuhi lazima apite kwa majirani wawili watatu kabla hajarudi kuinjika maharage. Msiba ukitokea mtaani kwetu, daftari la michango liko kwake. Kwenye harusi yeye ndiye anayekabidhiwa funguo za stoo. Sasa kila ninayemuuliza ananiambia Nizwa ni mawe na jangwa, watu wamejifungia na viyoyozi vyao, cha kutazama kiko Muscat madukani. Maduka mama hayamhusu, hata hapa sokoni anaenda kwa ajili ya mazungumzo.

Naomba wenye uzoefu wa huko mniambie ukweli. Mtu mzima wa miaka sitini na kitu, Kiarabu chake ni cha kusomea Qur'ani tu, atapata wa kuongea naye? Na nimpeleke wapi ambako ataona watu wanavyoishi, siyo majengo matupu?

Dereva_wa_Masafa

Mkuu, beba masweta. Januari usiku kuna baridi, na mkipanda Jebel Akhdar ni baridi kweli kweli, zaidi ya Njombe unayoisikia. Pia kule mlimani kuna kizuizi cha polisi chini, gari dogo halipiti, lazima liwe la magurudumu manne yanayovuta. Mwambie mwenyeji wenu apange hilo mapema.

Mawaridi ya kule yanachanua Machi mwishoni mpaka Mei, kwa hiyo Januari hamtayakuta. Mtaona vijiji vilivyoning'inia kwenye genge na mashamba ya ngazi ngazi, inatosha.

MamaIsevya

Marahaba mwanangu. Mimi nimeolewa Nizwa, nimezalia huko, na sasa nimerudi nyumbani Isevya, kwa hiyo nakwambia ninachokijua.

Wanaokwambia watu wamejifungia wanasimulia Juni na Julai, joto likipita nyuzi 45. Wakati huo kweli mchana hutoki. Januari watu wako nje, watoto wako vichochoroni, wazee wamekaa barazani wanaota jua.

Na hofu yako ya mama kukosa watu, iondoe. Asubuhi, kazi za ndani zikishatulia, wanawake wa mtaa wanatembeleana. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, na alasiri tena. Unavua viatu mlangoni, unaingia, unasalimia kwa mkono mmoja baada ya mwingine mpaka umewamaliza wote, hata wakiwa kumi na tano, ndipo unakaa chini kwenye zulia. Linaletwa sinia la tende na matunda, na bakuli la maji ya kunawa vidole. Kisha kahawa chungu yenye iliki, kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Anayemimina ataendelea kukuongezea mpaka ukitikise kikombe kwa vidole. Ukikirudisha kimya kimya anakijaza. Mfundishe mama hilo kabla hamjapanda ndege, litamsaidia kuliko maneno mia ya Kiarabu.

Lugha: atawakuta wanaojua Kiswahili. Pale Nizwa nimekaa na bibi waliozaliwa Unguja, waliokulia Burundi, na mmoja wa hapa hapa Tabora aliyekuwa akiniuliza kama miembe ya Gongoni bado ipo. Wengi wao walirudi baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi. Ukimwingiza mama kwenye nyumba moja ya namna hiyo, wiki haiishi atakuwa anajulikana mtaa mzima.

Sasa mahali pa kumpeleka. Kila mtu atakwambia ngome. Mimi nakwambia anza na falaji.

Falaji ni mfereji wa maji, ila usifikirie mtaro. Kisima mama kinachimbwa pembeni mwa mlima mpaka maji yapatikane, halafu kutoka pale wanachonga handaki chini ya ardhi, limelala kwa mteremko mdogo mno, kilomita kadhaa, mpaka maji yanatoka yenyewe juu ya ardhi mjini. Hakuna pampu. Oman bado ina falaji kama 3,000 zinazofanya kazi, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano kwenye urithi wa dunia. Mojawapo ni Daris, iko palepale Nizwa, wamejenga na bustani ya kupumzikia. Mkifika mwambie mama avue viatu aingize miguu.

Ila uchimbaji ni nusu ya jambo. Mimi kilichonishika moyo ni mgao. Maji yakitokea, mahali pa kwanza ni pa kuchota ya kunywa. Yanapita msikitini, yanapita mabafu ya wanaume na ya wanawake, ndipo yanaingia kwenye mitende na majani ya mifugo. Na shambani kila mwenye haki ana muda wake. Kipimo wanakiita athari, ni kama nusu saa. Zamani mchana walisoma kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani, usiku wakasoma nyota, nyota fulani ikichomoza nyuma ya mlima zamu ya fulani imekwisha. Kuna wakili wa falaji anayesimamia na kuweka hesabu. Kuna hisa za maji zilizowekwa wakfu kwa msikiti, na nyingine ni mali ya falaji yenyewe: zinanadiwa mbele ya watu, fedha inakwenda kusafisha handaki na kuziba panapobomoka.

Baba mkwe wangu alikuwa na zamu ya usiku. Nilimfuata siku moja na taa. Kwenye njia panda ya mfereji kulikuwa na jiwe limezungushiwa matambara ili lizibe vizuri. Akasimama kusubiri, ingawa jirani aliyekuwa anamwagilia hakuwepo pale na hakuna aliyekuwa anatuona. Muda ulipotimia akalinyanyua jiwe, akalihamishia upande wa pili, maji yakageuka yakaingia kwetu kwenye mashina ya mitende. Dakika tano kabla asingeligusa. Watu wameishi kwenye nchi ya mawe karne na karne kwa sababu ya kusubiri kwa namna hiyo, na naona wageni wanapita juu ya mfereji wakienda kupiga picha mnara.

Sisi wa Tabora tumeyaishi maji ya bwawa la Igombe miaka yote kabla ya bomba la Ziwa Victoria, tunaijua foleni ya ndoo. Mama yako aliyeshika daftari la michango atamwelewa wakili wa falaji hata bila mkalimani.

Ngome pia mwende. Iliinuliwa na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi katikati ya karne ya 17, inasemekana mnara ulichukua miaka 12. Mtafute chumba cha tende. Sakafu ina mifereji myembamba; magunia ya tende yalipangwa juu yake mpaka karibu na dari, uzito wenyewe ukazikamua, asali ya tende ikachirizika hadi kwenye mtungi. Ilikuwa chakula, na adui akija ilichemshwa akamwagiwa kupitia matundu juu ya milango.

Ijumaa asubuhi msikose soko la mbuzi, liko jirani na ngome. Mfike mapema, kwa sababu kabla ya sala ya Ijumaa limeshakwisha. Wauzaji wanazunguka na mbuzi kwenye duara, wanunuzi wamekaa ndani na nje ya duara hilo, bei zinatajwa huku wanatembea. Mnunuzi anamsimamisha mtu, anafungua mdomo wa mbuzi aone meno, anamshika kiwele, anamwachia. Kuna akina mama wa Kibedui wenye barakoa za usoni, wanajua bei kuliko wanaume. Mama atapenda, najua kabla hajafika.

Mjukuu_wa_Ujiji

Shikamoo mama Isevya, umeniliza. Babu yetu mzaa baba alitokea Ibra, akaja Ujiji akaoa akabaki.

Kaka Kanyenye, kama wenyeji wenu wana gari, mwende Ibra siku ya Jumatano. Kuna soko la wanawake, wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, mwanamume haingii. Nguo, udi, mapambo, manukato, vyombo. Wewe utabaki nje kwenye gari na mama atasahau kama upo. Ni mbali kutoka Nizwa, muondoke alfajiri.

Na kama mnataka jangwa lenyewe la mchanga, maana Nizwa iko chini ya mlima, liko upande huohuo wa Ibra, eneo la Sharqiya, mnaingilia mji wa Bidiyah. Vilima vya mchanga mwekundu, mabedui bado wanafuga ngamia. Msiingie na gari bila mtu wa pale.

Mkirudi Nizwa, kusini yake kuna mji wa Adam, kwenye mpaka wa jangwa kubwa. Ndiyo asili ya Imamu Ahmad bin Said, babu yake Sayyid Said aliyehamishia makao yake Unguja. Mimi nilisimama kwenye mtaa wao wa zamani wa udongo nikafikiria njia yote, Adam, Muscat, Unguja, Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Kwa mtu wa kwetu mji ule mdogo una uzito wake.

Kanyenye_Kwetu

Nimemsomea mama majibu yote. Ya kahawa amenirudisha nimsomee tena. Asanteni sana.

Mama ana swali lake: msiba ukitokea mtaani wakati yupo, afanye nini? Anasema hawezi kukaa ndani na jirani amefiwa. Na zawadi gani abebe?

MamaIsevya

Mwambie dada yangu shikamoo, naona tutaelewana.

Msibani ataenda na mwenyeji wake. Kila mtaa una sabla, ni ukumbi wa jamaa au wa mtaa, wamechangishana kuujenga. Harusi humo, kusuluhisha ugomvi humo, na rambirambi humo. Wanaume wanakaa sabla, wanawake wanakaa nyumbani kwa wafiwa au kwenye ukumbi wao. Kwa kawaida ni siku tatu. Kulia kwa sauti hawapendi, hilo limshtue mapema kwa sababu huku kwetu ukinyamaza utaonekana huna uchungu. Anaingia, anatoa mkono wa pole, anakaa na wenzake, anasoma yake kimoyomoyo. Chakula majirani wanaleta kama huku. Akiingia jikoni kuosha sinia watamzuia mara ya kwanza. Aendelee tu.

Zawadi: kanga, jozi kadhaa, zenye maneno mazuri. Bibi wa Kiswahili wanazishika wanasoma maandishi kwa sauti, halafu wanapeana. Mwende na kanga za kutosha maana atakayekosa atajua.

Na wakati wa kurudi wapitie halua Nizwa, inasongwa kwenye sufuria kubwa la shaba, wanga, sukari, samli, zafarani na maji ya mawaridi, mwanamume anasimama na mwiko mrefu saa mbili na zaidi bila kuachia. Waonje kabla ya kununua, wanaruhusu. Inakaa muda mrefu bila kuharibika, itafika Tabora salama.