Kiwanja namba 27, Leicester, Uingereza (gumzo la familia)

*Jumapili 22 Machi*

Da Zuhura, 07:02: Assalamu alaikum familia. Idi imepita, sasa kazi. Ufunguo wa kiwanja tulichokodi kulima ninao. Ni nusu kiwanja, mita za mraba 125, tano kwa ishirini na tano. Udongo mfinyanzi: ukilowa unanata kwenye buti, ukikauka unapasuka. Magugu ya kuhofia ni mawili, sangari na ule mtambaazi wenye mizizi myeupe kama tambi. Jumamosi saa 3 asubuhi wote tuwe pale. Andikeni majina.

Da Zuhura, 09:40: Tiki za bluu naziona kumi na moja. Majina siyaoni.

Sadi, 11:15: Niandike dada 😂 Kuna mahali wanakodisha pawatila, ile mashine ya kulimia ya kusukuma kwa mkono, kwa siku. Saa mbili tu kiwanja chote laini kama unga wa ngano.

Kaka Mbwana, 11:31: Pawatila hapana. Sangari inakwenda chini kwa mizizi yenye vifundo, na kila kifundo ukikikata kinatoa mche wake. Mtambaazi vivyo hivyo, hata kipande cha sentimita chache kinaota. Utakuwa umepanda magugu kiwanja kizima kwa mashine.

Kaka Mbwana, 11:38: Tugawe. Nusu ya nyuma tufyeke mpaka chini, tutandaze makatoni safu mbili (utepe wa plastiki utolewe), juu turubai jeusi zito, pembeni matofali. Hapo hatugusi mwaka mzima, kiza kiinyonge mizizi. Mtambaazi huenda ukadai na mwaka wa pili. Kapeti la zamani msilete: linaoza, nyuzi zinabaki udongoni miaka, na sehemu nyingi wamelikataza. Nusu ya mbele tuchimbe kwa jembe uma. Sepeto inakata mizizi, uma unaiinua mizima.

Sadi, 11:40: Kwa hiyo nusu ya kodi tunamlipia turubai 😂😂

Naila: Turubai limepata kiwanja kabla yangu

Da Zuhura, 11:52: Jamani. Vifaa: majembe uma mawili, sepeto moja, kamba, ndoo tano. Toroli liko kwa nani?

Da Zuhura, 16:20: Toroli.

Mama Twaha, 21:50: Lile toroli tusilianze leo Zuhura.

Shemeji Juma, 22:05: Mimi neno langu nilishalisema wakati ule. Nilirudisha.

Da Zuhura, 22:06: Ulirudisha bila gurudumu shemeji.

Shemeji Juma, 22:09: Na nani alilipakia mawe?

Naila: 👀

Kaka Mbwana, 22:14: Naila kalale.

*Jumatatu 23 Machi*

Bibi Lushoto, 06:30: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:47)

Mama Twaha, 06:58: Shikamoo mama. Niko kazini siwezi kusikiliza, mtu atuandikie.

Naila, 07:20: Bibi anasema: "Marahaba wote. Zuhura, Mbwana, Sadi, nisikilizeni. Sangari hailimwi kwa trekta. Inachimbwa, inaokotwa mzizi mmoja mmoja, inaanikwa juu ya jiwe mpaka ikauke. Huko jua hamna, basi izamisheni kwenye ndoo ya maji ioze, ndipo muimwage kwenye mboji. Msiitupe mboji ikiwa mbichi. Na hilo toroli, aliyelichukua na anayelidai wote ni watoto wangu. Gurudumu linauzwa dukani. Linunuliwe, nisilisikie tena."

Sadi, 07:31: Shikamoo Bibi. Pawatila nimeiacha.

Shemeji Juma, 07:45: Shikamoo mama. Nimesikia.

Da Zuhura, 07:46: Nimesikia mama.

Naila, 12:10: Sasa gurudumu ananunua nani?

*Jumapili 29 Machi*

Da Zuhura, 19:15: Jana tulikuwa wanne. Wanne kati ya kumi na mmoja. Mita 8 zimechimbwa, ndoo sita za mizizi. Turubai limekaa. Ahsanteni mliokuja.

Shemeji Juma, 20:02: Kuna mtu wa farasi anatoa samadi bure, tuje na magunia tu. Imeoza vizuri, nyeusi.

Kaka Mbwana, 20:11: Shemeji hongera, ila tuijaribu kwanza. Kuna dawa ya magugu wanapulizia malisho, inapita kwenye nyasi kavu, inapita tumboni mwa farasi, inatoka kwenye samadi ikiwa bado ina nguvu. Mahindi na jamii ya nyasi haiyadhuru. Maharage, nyanya na viazi inavisokota: majani machanga yanajikunja kama kikombe, mche unadumaa.

Kaka Mbwana, 20:15: Jaribio: vikopo vitatu vya samadi iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo wa dukani, na vitatu vya udongo wa dukani mtupu. Kila kikopo punje mbili za maharage. Subiri wiki nne. Vya samadi vikisokota na vile vingine viko sawa, samadi hiyo isiingie shambani. Muulize na mwenyewe nyasi zake zilipuliziwa nini.

Sadi, 20:17: Farasi apimwe mkojo 😂

Shemeji Juma, 20:30: Sawa. Magunia mawili tu kwanza.

*Jumamosi 18 Aprili*

Da Zuhura, 10:05: Viazi leo vinaingia. Mama Twaha toa vipimo.

Da Zuhura, 11:20: Mama Twaha

Mama Twaha, 12:44: Samahani nilikuwa jikoni. Vya mapema vilivyochipua dirishani: mfereji wa sentimita 12 hadi 15, kiazi hadi kiazi sentimita 30, macho yatazame juu, mstari hadi mstari 60. Vya msimu mrefu vipewe nafasi, 40 kwa 75. Majani yakifika sentimita 20 pandisheni udongo mpaka vibaki vichwa tu, na mrudie baada ya wiki mbili tatu. Kiazi kikipigwa mwanga kinakuwa kijani, kina sumu, hakiliwi.

Mama Twaha, 12:52: Vitunguu vile vidogo vichomekwe leo pia, sentimita 10 kwa 25, ncha ionekane kidogo. Ndege watavivuta, basi tandaza neti wiki mbili mpaka vishike mizizi.

Da Zuhura, 12:55: Za nyumbani je, mchicha na majani ya maboga?

Mama Twaha, 13:03: Mchicha usubiri. Udongo ukiwa chini ya nyuzi 15 mbegu zinakaa tu na kuoza. Mwisho wa Mei, changanya mbegu na mchanga mkavu, mwaga kwenye mifereji ya nusu sentimita. Ukifika sentimita 20 kata, acha vifundo viwili vitatu chini utachipua tena. Mwaga mstari mpya kila wiki tatu. Maboga panda ndani sasa, mbegu isimame kwa ubavu, ikilala maji yanaiozesha. Itoke nje Juni, mita moja na nusu kila upande. Sukuma kwenye trei sasa, ihamishwe Juni kwa sentimita 45.

Kaka Mbwana, 13:20: Sukuma na neti siku ileile. Wale vipepeo weupe wanataga chini ya jani, wiki mbili mnabaki na mishipa. Matundu yasizidi milimita 7, na neti isimamishwe kwa fito isiguse majani, maana ikigusa kipepeo anataga kupitia tundu. Na msipokee miche ya kabichi ya jirani. Kuna ugonjwa wa kuvimba mizizi, ukiingia udongoni unakaa karibu miaka 20.

Sadi, 13:24: Mimi maharage nimeshayapanda kwenye vikopo, wiki ya kwanza ya Mei natoa nje

Kaka Mbwana, 13:25: Mapema Sadi. Subiri mwisho wa Mei.

Sadi, 13:26: Jua linawaka kaka ☀️

*Jumanne 12 Mei*

Da Zuhura, 16:40: HARAKA. Utabiri unasema nyuzi 1 usiku huu, anga safi, upepo hakuna. Hiyo ni jalidi, umande unaganda. Aliye karibu aende kabla jua halijazama: viazi afukie vichwa vyote kwa udongo, maharage ya Sadi ayafunike kwa kile kitambaa cheupe kilicho kibandani, mara mbili, pembeni mawe. Plastiki isiguse jani, pale inapogusa ndipo panapoungua. Mimi naingia zamu, natoka saa 2 asubuhi.

Sadi, 16:48: Viazi vivae sweta 😂

Naila, 16:49: Vipewe kanga doti moja

Sadi, 16:49: Yenye jina gani

Naila, 16:50: BARIDI YA UGENI MVUMILIVU NDIYE AJUAYE

Shemeji Juma, 16:58: 😂😂😂 hii ichapishwe

Da Zuhura, 18:30: Nani ameenda?

Da Zuhura, 20:15: Jua linakaribia kuzama. Nani ameenda?

*Jumatano 13 Mei*

Mama Twaha, 05:50: Ndiyo naona sasa. Poleni.

Da Zuhura, 09:10: Nimepita. Majani ya viazi meusi. Maharage yote 24 yamelala.

Kaka Mbwana, 09:22: Viazi usivikate. Vitachipua upya kutoka chini, vitachelewa wiki mbili tatu. Maharage hayarudi. Sadi panda mengine leo, safari hii moja kwa moja ardhini, punje mbili kila fito, sentimita 5 kwenda chini. Mpaka katikati ya Juni bado kuna muda. Fito za mita 2.4, zizame sentimita 30, sentimita 20 baina yake, zifungwe juu kwa kamba. Na usiku uende na tochi kuokota konokono, wenye nyumba na wasio na nyumba, ndio wanaokata shina changa. Vidonge vya kuua konokono viwe vya chuma fosfeti. Vya metaldehaidi vimepigwa marufuku hapa tangu 2022, mtu akiwa navyo stoo asivilete.

Sadi, 10:40: Nisamehe dada. Mbegu nalipa mimi.

*Jumapili 5 Julai*

Kaka Mbwana, 08:12: Nimeona mabaka ya kahawia kwenye viazi, ukigeuza jani chini kuna utando mweupe ukingoni mwa baka. Ni bakajani chelewa. Siku mbili mfululizo usiku haukushuka chini ya nyuzi 10, na unyevu asilimia 90 kwa muda wa saa sita na zaidi kila siku. Ndiyo hali inayoutaka.

Kaka Mbwana, 08:16: Vya mapema chimbeni leo vyote, hata vidogo. Vya msimu mrefu kata mashina usawa wa ardhi, yatoke nje ya kiwanja, yasiachwe juu ya tuta. Halafu msichimbe wiki mbili tatu, ngozi ikomae na vimelea vilivyo juu ya udongo vife, la sivyo vitaozea ghalani. Nyanya toeni majani ya chini. Ugonjwa ni huohuo.

Shemeji Juma, 08:40: Basi leo chipsi mayai

Sadi, 08:41: Nani ana mafuta

Da Zuhura, 08:42: Nani ana MKASI. Nataka watu watatu saa 5.

Mama Twaha, 10:58: Mimi na Naila tuko njiani. Na nyanya zenye kitako cheusi msidhani ni bakajani. Huko ni kuoza kitako: zinakaushwa siku nne halafu zinagharikishwa, kalisi (kalsiamu) haifiki kwenye tunda. Maji kidogo kila siku yanatosha.

*Jumamosi 22 Agosti*

Da Zuhura, 07:30: Zamu za maji bado hazijakaa. Mpira wa maji hauruhusiwi, ni keni za kumwagilia na tangi. Keni mbili za lita 10 kila mita ya mraba, mara mbili kwa wiki, asubuhi, chini kwenye udongo si juu ya majani. Jumatano na Jumapili. Jumapili ni mimi. Jumatano?

Da Zuhura, 07:31: Zukini, vile viboga kama matango, nazo zikatwe zikiwa sentimita 15. Ukiacha moja ikomae, mmea unaacha kuzaa. Iliyokuwepo jana ni kama mtoto mchanga.

Naila, 09:15: Imepewa jina?

Bibi Lushoto, 09:40: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

Naila, 09:44: Bibi anasema: "Nimeona picha ya mchicha. Mzuri. Maji anabeba nani, na toroli limepona?"

Kaka Mbwana, 11:02: Sisi tuko safarini mpaka tarehe 30.

Sadi, 12:20: Jumatano naweza wiki moja moja

Da Zuhura, 12:21: Wiki ipi?

Shemeji Juma, 21:17: Gurudumu la lile toroli ni inchi 14 au 16?

Da Zuhura, 21:25: Nitalipima kesho shemeji. Sadi, wiki ipi?