Bunduki moja ya swala na shabaha: .243, .308, .30-06 au nijikaze na .375?

FundiWaSakina:

Wakuu, habari za jioni. Nina swali, ila kwanza nieleze limetoka wapi, maana humu mtu akiuliza kaliba (aina ya risasi kwa upana wake, ndizo hizo namba za hapo juu) anajibiwa "chukua kubwa" na mada inaishia hapo.

Mimi ni fundi magari hapa Arusha, Sakina. Miaka kumi na miwili sasa, msimu wa uwindaji ukianza Julai, napelekwa porini kukarabati Land Cruiser za makambi: springi imekatika, rejeta imetoboka, gia boksi inalia. Bunduki nimeziona nyingi, zote za watu. Mwaka huu nimeamua kuomba kibali changu mwenyewe, na nimeshauriwa nisianze kuzungusha makaratasi kabla sijajua nataka kaliba gani.

Kazi zenyewe ni mbili. Kuna swala pala na kongoni, siku nikijaliwa leseni. Halafu kuna shabaha, na hii ndiyo itakuwa nyingi. Mnyama utampata mmoja kwa mwaka, labda usimpate kabisa, lakini karatasi naweza kuipiga kila Jumamosi.

Sasa mkasa. Mteja wangu mmoja ana .375 H&H, ile ya Holland & Holland. Siku moja nimemaliza kumfungia klachi mpya, akanichukua uwanja wa shabaha, akasema, "Fundi, jaribu moja." Nikalala kifudifudi juu ya turubai, nikasogeza jicho kwenye darubini kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, nikavuta. Mlio siukumbuki. Nakumbuka kitu cha uvuguvugu kinashuka puani, nikadhani jasho. Ukingo wa darubini ulikuwa umenipasua juu ya nyusi, mkato wa duara, nyuzi nne. Mke wangu mpaka leo nikikaa kimya ananitazama usoni na kuuliza kama mwezi umeandama.

Kovu nimelizoea. Kinachonisumbua ni kwamba tangu siku ile hata nikishika .22, bunduki ndogo kabisa, nafumba macho kabla haijalia. Zamani risasi tano za .22 nilikuwa naziweka zote ndani ya kifuniko cha chupa ya chai, mita hamsini. Siku hizi zinatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe.

Mteja anasema nijikaze, .375 ipo tangu 1912 na ndiyo bunduki ya Afrika. Jamaa yangu wa Kijenge anasema .30-06. Muuza duka anasema .308. Kuna mahali nimesoma kuhusu .243 nikaipenda, ila nikiitaja watu wanacheka. Nisaidieni, hasa nyinyi mliowahi kuvuta, sio mliowahi kusoma.

Kijana_Kijenge:

Huyo jamaa wa Kijenge ni mimi, na bado nasema .30-06. Ukikutana na nyati utafanya nini na .243? Utampigia makofi?

AskariMstaafu:

Ukikutana na nyati na leseni yako ni ya swala, unarudi nyuma polepole na bunduki yako begani. Nyati kisheria ni .375 kwenda juu, kwa hiyo hiyo .30-06 yako nayo haikusaidii. Fundi, tenganisha vitu viwili tangu sasa: kibali cha silaha ni polisi, leseni ya kuwinda ni wanyamapori, yaani TAWA. Kuwa na kimoja hakukupi kingine. Nimekamata watu waliodhani kinawapa. Na usije ukapiga kutoka ndani ya gari, hata kama gari umelitengeneza mwenyewe.

MchaggaWisconsin:

Fundi, mimi ni wa Kibosho, niko Marekani mwaka wa tisa sasa. Huku Novemba ni msimu wa kulungu, siku tisa za bunduki, unaanza Jumamosi ile kabla ya sikukuu yao ya shukrani. Kiwanda nilichokuwa nafanya kazi kinabaki na watu wachache, wengine wote wako msituni wamevaa nguo za rangi ya machungwa inayong'aa mpaka kofia. Rangi inayong'aa ni sheria, usidhani ni urembo.

Mnyama mwenyewe, dume akishatolewa matumbo, wengi ni kilo sitini, sabini. Swala pala dume mzima hai ni kati ya hamsini na kitu na sabini na kitu. Kwa hiyo si tofauti sana, na huku .243 inaangusha kulungu kila mwaka bila mtu kucheka. Mke wangu anatumia hiyo. Mimi nina .308. Jirani yangu alinunua 6.5 Creedmoor, kaliba ya 2007, na hawezi kumaliza chakula bila kuitaja.

Tofauti ni umbali. Huku msituni risasi nyingi ni chini ya mita mia, umekaa juu ya mti unatetemeka kwa baridi. Hapo nyumbani kwenye mbuga wazi swala anakuona wewe kwanza.

BabuWaRau:

Marahaba kwa wote, pamoja na wale mliosahau kuniamkia.

Wewe wa Wisconsin, huyo unayemwita kulungu ni yule mwenye pembe za matawi. Kwetu porini ukisema kulungu, wazee tunamfikiria pongo. Lakini hesabu yako ya kilo ni nzuri.

Fundi, mimi nimebeba bunduki za wageni miaka ishirini na saba, kuanzia Longido mpaka Rungwa. Sasa niko Rau nalima ndizi. Nianze na hiyo .375, kwa sababu utaambiwa inaharibu nyama, na si kweli. Risasi yake ya kawaida ni nzito, gramu 19 na ushee, na haikimbii sana, kama mita 770 kwa sekunde. Inatoboa, inapita. Nimechuna swala aliyepigwa nayo, bega ukalila mpaka ukingo wa tundu. Halafu nimechuna swala aliyepigwa hatua hamsini na .270, risasi nyepesi inayokimbia kweli kweli. Ukivuta ngozi unakuta bega lote ni damu iliyoganda, nyeusi, inatikisika kama maini. Mpishi aliliangalia akaondoka bila kusema neno. Kwa hiyo ukichukua kaliba yenye kasi, chukua risasi nzito kidogo na usipige bega kwa karibu.

Swala hana shida na .375. Mwenye shida ni wewe, na umejisema mwenyewe: unafumba macho.

Nilikuwa na mgeni mmoja, mtu mzima, daktari huko kwao. Kongoni amesimama ubavu, mita themanini, akamkosa. Mara ya pili akamkosa. Kongoni ni kilo mia na hamsini, ni kama kukosa mlango wa choo. Bosi akanikonyeza. Asubuhi tukaenda kwenye shabaha, nikamwambia nitampakilia mimi. Mara naweka risasi ya kweli, mara ya bandia, yeye hajui. Ya kweli ikalia, karatasi haikuguswa. Ya bandia akavuta, tik, na mtutu ukainama kama mbuzi anayekunywa maji. Hakuna baruti, hakuna teke la bunduki begani, mtutu umeinama wenyewe. Akanigeukia, uso mwekundu, tukacheka wote wawili. Siku tatu hatukwenda kuwinda, tulipiga za bandia mpaka mtutu ukatulia. Siku ya nne alimpata kongoni na risasi moja.

Tafuta mtu wa kukupakilia hivyo kabla hujaandika kaliba popote.

Kuhusu .308 na .30-06, mnagombana bure. Zote zinarusha kichwa cha upana mmoja. Ile 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. .308 imekuja 1952, ganda lake ni milimita 51 na la mwenzake ni 63, basi baruti imepungua kidogo. Risasi ya gramu 9.7 kwenye .30-06 inatoka kama mita 890 kwa sekunde, kwenye .308 kama 860. Swala hajui kuhesabu hiyo tofauti. Ila usiziweke pamoja mfukoni. .308 ni fupi, inaweza kutumbukia kwenye chemba (pale risasi inapokaa) ya .30-06, na ikilia humo ganda linapasuka karibu na uso wako. Nyuzi nne zinakutosha.

Kijana_Kijenge:

Shikamoo Babu. Lakini nasikia kuna Mskoti aliyeua tembo zaidi ya elfu na kaliba ya milimita 7 tu. Sasa mbona Fundi anatishwa?

BabuWaRau:

Marahaba. Ni Bell, alizunguka Karamoja. Alitumia sana 7x57, ndiyo hiyo ya milimita 7. Huyo mtu alikuwa akipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Wewe umepasua fuvu la nini?

DadaNjiro:

Shikamoo Babu. Fundi, pole na hilo kovu.

Mimi siwindi. Napiga karatasi tu, mwaka wa nne, na .308 ndiyo niliyonayo, kwa hiyo naomba niseme kidogo kwa upande huo. Kwanza, umesema mlio huukumbuki. Mwili wako unaukumbuka vizuri sana. Ulivaa viziba masikio? Watu wengi wanadhani wanaogopa teke kumbe wanaogopa kelele. Mimi navaa viwili, vya ndani na vya juu, na hapo ndipo nilipoacha kushtuka. Darubini nayo ikae mbele, jicho liwe mbali nayo kama upana wa kiganja, na shingo usiinyooshe kama kobe. Kama umelala, darubini ya mtu mrefu lazima itakuja usoni kwa mtu mfupi. Sijui urefu wako, ila mteja wako naye alipaswa kukuangalia kabla hujavuta.

Pili, kwa bunduki za uzito wa kawaida, teke la .375 ni karibu mara mbili ya .30-06. La .243 ni kama nusu ya .30-06. .308 iko chini kidogo ya .30-06, na huo udogo, kwa mtu anayepiga risasi arobaini Jumamosi moja, unaonekana Jumapili ukiinua mkono kusuka nywele. Au kufunga injini, kwa wewe.

Shabaha yako iwe kisosi cha chai. Nachora kisosi kwenye karatasi kwa sababu kifua cha swala, pale pa kupiga, si kikubwa kuliko hicho. Ukiiweka .308 sawa kwenye mita 100, mita 200 itashuka kama upana wa kiganja, mita 300 karibu dhiraa nzima. Kwa hiyo mpaka utakapoweka tano ndani ya kisosi mita 200, mita 300 iache kwenye simulizi.

BabuWaRau:

Huyu dada amesema. Niongeze: porini hulali kwenye turubai. Nyasi ziko kiunoni. Kata fito tatu za urefu wa bega lako, zifunge juu na mpira wa tairi la baiskeli, uegemeze bunduki hapo. Fanya mazoezi umesimama. Nimeona watu wanaoweka risasi kwenye kisosi wakiwa mezani halafu kwenye fito hawapati hata sinia.

FundiWaSakina:

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Shikamoo Babu.

Jumamosi iliyopita DadaNjiro na mume wake walinikaribisha uwanjani. Bunduki yao ya .308, viziba masikio viwili, darubini imesogezwa mbele. Mume wake akawa ananipakilia kwa siri kama ulivyosema, risasi kumi, kati ya hizo nne za bandia. Ya kwanza ilikuwa ya bandia. Nilivuta nikaona mwenyewe mtutu unakwenda chini, kitu kama inchi mbili, na jicho langu limefumba. Niliona aibu utadhani nimekutwa nachungulia dirisha la mtu. Ya pili ya kweli, ikapiga udongo mbele ya ubao. Ya bandia ya tatu mtutu ulicheza kidogo. Ya nne haukucheza, au ulicheza nikashindwa kuona; DadaNjiro alisema haukucheza, mume wake alinyamaza.

Za kweli sita, mita mia: moja udongoni, mbili nje ya kisosi, tatu ndani.

.375 nimemwambia mteja hapana. Alinuna, ila gari lake bado analeta. .243 naipenda bado, na kwa swala pala peke yake ningeichukua. Kongoni ndiye amenivuta kwenye .308, pamoja na ukweli kwamba nikiishiwa risasi kuna mtu Njiro wa kumwomba. Kijana wa Kijenge hataki kuongea nami, anasema nimemsaliti kwa milimita kumi na mbili za ganda.

Nimeanza na nyumbani. Kila jioni karakana ikifungwa, napiga tupu, yaani navuta bila risasi, dakika kumi na bunduki yangu ya hewa ya zamani, nimeegemea fito tatu, nalenga nembo ya kalenda ukutani. Vijana wangu wanadhani nimechanganyikiwa.

Babu, swali la mwisho. Risasi ya gramu 9.7 au ile nzito ya 11.7?

BabuWaRau:

Kwa hao wanyama wawili, 9.7 inatosha. Ukija kumtaka pofu, njoo uniulize tena, yule ni ng'ombe.

Na hiyo raba ya fito izungushe mara tatu. Mara mbili huteleza.