Sindano ya miezi mitatu inatuharibu, au tuhesabu siku?

Mama Watatu:
Habari zenu wana Mwanza. Nina watoto watatu, wa mwisho ana mwaka na nusu. Tangu alipofikisha wiki sita nachoma sindano ya miezi mitatu. Mwezi wa nane huu sijaona siku zangu. Nimenenepa, gauni la Pasaka halivuki mapajani. Hamu nayo imekwisha, baba watoto akinigusa bega naona kama ananidai. Jirani ananiambia damu inajikusanya tumboni, ikijaa itageuka uvimbe. Sasa Jumapili kwenye semina ya wanandoa parokiani wametugawia shanga: moja nyekundu ya siku damu inapoanza, za kahawia, halafu nyeupe kumi na mbili za siku za kushika mimba, na kapete keusi ka mpira unakasogeza kila asubuhi. Nimezipenda kweli. Naomba tujadili kistaarabu: hizi dawa za homoni zinatuharibu, na je, njia ya asili inamtosha mtu kama mimi? Mume wangu ni mvuvi wa dagaa visiwani, anarudi mbalamwezi tu.

Dada wa Mabatini:
Toka huko mapema, mwenzangu. Mimi niliwekwa kijiti, nikatoka damu siku arobaini mfululizo. Nimerudi kituoni kukitoa, nesi ananitazama juu mpaka chini: "Vumilia, wengine wanakililia." Mkono wa kwangu, damu ya kwangu, ruhusa ya kwake!

Nesi wa Zamu:
Dada wa Mabatini, usitupake wote tope moja. Kuna manesi tunakesha na wake zenu mpaka asubuhi, hakuna anayetuandikia. Kijiti ukitaka kitolewe, kinatolewa. Ni haki yako na hakuna mjadala.

Mleta mada, damu haijikusanyi popote. Homoni inafanya ukuta wa ndani wa mji wa mimba usinenepe, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Wanawake wanaotumia sindano hiyo mwaka mzima, karibu nusu yao hawaoni siku. Kunenepa ni kweli, hamu kupungua wengi wanalalamikia, sikufichi. Na ukiacha, usitegemee kushika mimba kesho yake. Kwa kawaida inachukua miezi tisa, kumi tangu sindano ya mwisho. Ndipo watu wanaposema imewafunga kizazi.

Kuhusu shanga: ni njia halali, inafundishwa hata hospitalini, ila inataka watu wawili wanaojua kuhesabu. Mwanaume wa mwaloni, huko mitumbwi inakoshusha samaki, hesabu anayoijua ni ya ndoo za dagaa.

Katekista wa Jumuiya:
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi na mke wangu tuna miaka kumi na minne kwenye njia ya Billings, ile ya daktari John Billings na mkewe Evelyn wa Australia. Hakuna dawa wala shanga. Mama anaangalia ute: siku kavu, siku za kunata, halafu ule unaovutika kama ute wa yai bichi. Hapo ndipo rutuba ilipo. Siku ya mwisho ya ute ule unaiwekea alama, unahesabu tatu, ndipo mnaendelea na maisha. Papa Paulo VI alishatuonya juu ya dawa hizi mwaka 1968 kwenye waraka wake, Humanae Vitae. Tuna watoto wanne, wote tuliwapanga.

Mjomba Kamanga:
Wanne wote mliwapanga, Katekista? Au wa nne alijipanga mwenyewe?

Katekista wa Jumuiya:
Mjomba, familia yangu usiiingize. Nimesema tuliwapanga.

Bibi wa Nansio:
Wajukuu, sisi tulifungwa pigi kiunoni. Uzi na vijiti vyake, ana fundo lake bibi aliyekufunga. Ukitaka mtoto anakufungua. Sasa naona kanisani nao wanawavalisha shanga. Pigi imebatizwa.

Mjomba Kamanga:
Shikamoo bibi! Nimecheka mpaka abiria wa kivuko wamegeuka.

Katekista wa Jumuiya:
Shikamoo bibi. Kwa heshima zote, shanga ni kalenda, si hirizi. Hazivaliwi, zinahesabiwa. Tafadhali tusichanganye.

Bibi wa Nansio:
Marahaba. Nami nilizaa saba, basi na pigi yangu ilikuwa kalenda.

Ngosha wa Dagaa:
Nimesoma yote nikasubiri mtu aseme, hakuna aliyesema. Nesi, eti mvuvi hesabu yake ni ndoo? Wewe unajua leo mwezi una siku ngapi? Mimi najua bila kutoka ndani. Dagaa ni mdudu wa giza. Taa inamvuta usiku mweusi, mwezi ukiwa mkubwa anatawanyika, taa yako inakuwa pambo tu. Kwa hiyo tunahesabu giza la kwanza, giza la kati, mwezi unapochelewa kutoka saa ngapi, tunavuta mtumbwi lini. Ukikosea usiku mmoja umechoma pesa ya chakula cha watu wanne bure. Huku hakuna atakayekukumbusha kwa kadi. Mke wangu siku zake nazijua kuliko yeye. Uliza mwaloni mzima wa Kirumba.

Dada wa Mabatini:
Mwaloni mzima wa Kirumba wanajua siku za mkeo?

Ngosha wa Dagaa:
Dada, umenielewa.

Nesi wa Zamu:
Kaka Ngosha, ilikuwa utani, lakini zamu yangu napokea wajawazito wa kambini kila siku, na kila mmoja mumewe alikuwa anajua kuhesabu.

Ngosha wa Dagaa:
Na mimi namjua nesi mwenye watoto sita. Tuendelee?

Mwalimu wa Hesabu:
Ngoja niwasaidie, maana naona mnahesabu bila hesabu. Mwezi wa angani unarudi palepale kila siku 29 na nusu. Tuseme mke ana mzunguko wa siku 28. Basi kila Ngosha akirudi, anaingia siku moja na nusu mbele zaidi kwenye mzunguko wa mkewe. Leo kafika siku ya 22, kakaa wiki, salama, shanga zote kahawia. Safari ijayo siku ya 23 na nusu, bado salama. Safari ya tano, ya sita, anakuta mzunguko mpya ndio umeanza, na wiki yake inaanza kugusa nyeupe. Nyeupe ni siku ya 8 hadi ya 19. Kuanzia hapo mpaka atokee upande wa pili ni safari kumi na mbili hivi, na katikati yake kuna tatu au nne ambazo wiki nzima ni nyeupe tupu. Ziwa na tumbo havina kalenda moja, wandugu.

Ngosha wa Dagaa:
Mwalimu, yaani safari nne narudi nyumbani kulala mzungu wa nne?

Mwalimu wa Hesabu:
Tatu au nne. Inategemea unakaa siku ngapi.

Katekista wa Jumuiya:
Ndipo panaitwa kujinyima. Ni shule ya upendo.

Ngosha wa Dagaa:
Katekista, wewe mkeo unamwona kila jioni. Shule yako ni ya kutwa, yangu ya bweni.

Nesi wa Zamu:
Siku nyeupe kuna kondomu. Kwani lazima mlale hivyo?

Katekista wa Jumuiya:
Hapo sasa si njia ya asili tena.

Mzalendo Buzuruga:
Mnajadili kitu ambacho hayati Magufuli alikimaliza 2018 pale Meatu. Alisema wanaopanga uzazi ni wavivu, hawataki kufanya kazi wakalisha watoto. Wasukuma tuna ng'ombe, tuna mashamba. Zaeni.

Dada wa Mabatini:
Mzalendo, una ng'ombe wangapi?

Mzalendo Buzuruga:
Hilo si hoja.

Dada wa Mabatini:
Nilijua.

Binti Buhongwa:
Jamani, turudi kwenye afya. Nilisoma sindano inaleta uvimbe kwenye ubongo, Wafaransa ndio waliogundua. Mbona hiyo hamuisemi? Na mifupa je? Na kwa nini katika mistari yote hii hakuna aliyetaja mwanaume kufunga uzazi? Ni upasuaji mdogo, baada ya miezi mitatu hivi anapimwa, mambo yamekwisha. Kila kitu tumeze sisi, tuchomwe sisi, tuhesabu sisi.

Mjomba Kamanga:
Kivuko ndio kinafika, nawaaga.

Nesi wa Zamu:
Binti, umesoma vizuri ila malizia. Utafiti huo wa Ufaransa ulitoka 2024. Waliochoma sindano hiyo zaidi ya mwaka, hatari ya uvimbe wa utando wa ubongo ilipanda mara tano na kitu. Lakini uvimbe wenyewe ni nadra sana, mara tano ya kidogo bado ni kidogo. Mwenye kichwa kisichopoa au macho yanayofifia aje apimwe, asikae na sindano yake nyumbani. Mifupa ni kweli, Marekani waliweka onyo la herufi nzito tangu 2004, hasa kwa anayetumia zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo kusema "haina madhara" ni uongo, na kusema "inaua" pia ni uongo. Ndiyo maana kuna njia nyingine: kitanzi kisicho na homoni kabisa kipo, watu wanakiogopa kwa hadithi tu.

Na mleta mada sikia hili, ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika. Shanga ni za mwanamke ambaye siku zake zinakuja kwa mpangilio, kati ya siku 26 na 32. Wewe huoni siku zako. Huna shanga nyekundu ya kuanzia! Ukiacha sindano leo ukaanza kusogeza pete kesho, unahesabu hewa. Na hata kwa wenye mzunguko mzuri, wanawake mia wakitumia shanga mwaka mzima, wanaokosea kosea hushika mimba kama kumi na wawili. Wasiokosea, watano.

Ngosha wa Dagaa:
Sasa na hao watano ni wake wa wavuvi?

Mwalimu wa Hesabu:
Hahaha. Ngosha, liachie.

Ngosha wa Dagaa:
Siliachii mpaka aombe radhi.

Mkwimba Halisi:
Nami niongeze la kizazi kufungwa. Dada yangu alichoma sindano mwaka mmoja, akaacha, miaka minne hapati. Ukoo mzima tukaisema sindano. Alipopimwa vizuri, akaambiwa ana kichocho cha uzazi. Amekunywa dawa. Tangu hapo sisemi kitu kabla ya vipimo. Haya maji ya ziwa yatatumaliza.

Ngosha wa Dagaa:
Sasa tena ziwa? Leo mmetuamkia.

Nesi wa Zamu:
Kwa hili namtetea Ngosha. Kichocho kinachopatikana zaidi ziwani ni kile cha tumbo. Kile cha mkojo, kinachoingia mpaka kwenye kizazi, konokono wake wanapenda maji yaliyotulia: malambo, madimbwi, majaruba ya mpunga. Dada yako kakulia wapi?

Mkwimba Halisi:
Kwimba. Tulioga lambo moja na ng'ombe.

Ngosha wa Dagaa:
Wabeja sana, nesi. Yale ya ndoo nimesamehe nusu.

Dada wa Mabatini:
Mimi bado nasubiri mwanaume mmoja amjibu Binti Buhongwa.

Mzalendo Buzuruga:
Mwanaume kufungwa ni kumhasi.

Nesi wa Zamu:
Si kuhasi. Wanakata mrija, kiwanda kinabaki. Ng'ombe wako uliwahasi kweli, kama unao.

Mama Watatu:
Samahani, nilikuwa naanika dagaa. Nimesoma yote, mengine nimecheka, mengine nimelia. Nesi, la damu kujikusanya umenitua mzigo. La shanga nyekundu sikulifikiria kabisa. Kadi yangu inasema nirudi tarehe 14. Kaka Ngosha, mitumbwi mnavuta lini mwezi huu?

Ngosha wa Dagaa:
Kambi yetu Jumatano jioni, mayu. Za Ukara labda Alhamisi.

Mama Watatu:
Basi anakuta sindano yangu inakwisha muda wake. Nesi, Jumatatu nakuja na kadi, tuongee hicho kitanzi, na baba watoto akifika nitamleta naye asikie mwenyewe. Shanga nitaendelea kuzitunza, hata kama si za sasa. Ila mdogo ameukata uzi leo asubuhi. Nimepekua chini ya kitanda chote, moja haionekani.

Mwalimu wa Hesabu:
Ya rangi gani?

Mama Watatu:
Nyeupe.