Mrejesho: Tatuu ya Kijapani, nimechagua samaki koi

Wakuu, asanteni mlionishauri nilipouliza nichore nini begani, joka au ile barakoa ya hannya yenye pembe. Hannya nimeiacha. Ni sura ya mwanamke aliyegeuka pepo kwa wivu, inatoka kwenye maigizo ya jadi ya Kijapani yaitwayo Noh. Wapo wanaoichora kama kinga, ila mke wangu alishaanza kuuliza huo wivu ni wa nani.

Nimechukua koi anayepanda maji. Hadithi yenyewe asili yake ni China: samaki akishinda maporomoko ya Mto Manjano anageuka joka. Kwa hiyo joka nimelipata kwa mlango wa nyuma! Mchoraji alisisitiza misimu isigongane, koi akazungukwa na majani mekundu ya vuli, maua ya cheri ya machipuko yakaachwa.

Aliyesema tatuu hizi ni alama ya Yakuza, yale magenge ya uhalifu ya Japani, hakukosea, ila historia ni pana zaidi. Michoro hii ilivuma baada ya msanii wa Kijapani Utagawa Kuniyoshi kuanza kutoa picha za mashujaa waasi wenye tatuu mwaka 1827; wazimamoto na vibarua wa Edo (Tokyo ya leo) wakaipenda. Serikali ya Japani ya enzi ya Meiji ikaipiga marufuku 1872, na zuio likadumu hadi 1948. Mpaka leo mabafu mengi ya chemchemi za moto huko Japani hayaruhusu wenye tatuu, mwenye safari ajiandae kuifunika au akodi bafu la faragha.

Mistari tayari, rangi ni baada ya kupona. Inawasha balaa.