Tucson ya 2025 iliyobaki yadi: nichukue ribeti au riba ndogo?

Mzigo_Houston
Wakuu, habari za jioni. Nataka kununua gari kabla mwezi haujaisha. Kuna Hyundai Tucson ya 2025, mpya, haijawahi kumilikiwa, imebaki yadi huku za 2026 zimeshajaa. Muuzaji ananiambia nichague: ribeti ya $2,500, yaani punguzo la pesa kutoka kiwandani, au mkopo wa kiwanda kwa riba ya 1.9%. Vyote viwili kwa pamoja haiwezekani. Nyie mngechukua ipi?

Njeri_Dallas
Ndugu, mambo ya maana yote umeyaacha. Stika ya dirishani, ile ya bei ya kiwanda, inasema ngapi? Unakopa kiasi gani, kwa miezi mingapi? Benki yako mwenyewe inakupa riba gani? Halafu muuzaji ameshusha bei yake, au anakuonyesha ribeti tu?

Babu_Oakland
Hilo swali la mwisho la Njeri ndilo kubwa. Ribeti ni pesa ya kiwanda, haimgusi muuzaji hata senti. Punguzo la muuzaji linatoka kwenye faida yake. Wengi wanakuandikia "umeokoa $2,500" na ukiangalia vizuri wao hawajatoa chochote. Patana bei kwanza kana kwamba ribeti haipo, mkimaliza ndipo itolewe juu ya hapo. Na gari la mwaka uliopita mara nyingi kiwanda humpa muuzaji pesa nyingine ya kulisukuma litoke, ambayo mteja haonyeshwi. Kwa hiyo akikwambia hana pa kushuka, usiondoke na jibu hilo.

Tena uliza kodi. Huku California kodi ya mauzo inahesabiwa kwenye bei ya kabla ya ribeti, lakini punguzo la muuzaji linashusha bei inayotozwa. Dola 1,000 ya muuzaji inanifaa kuliko 1,000 ya kiwanda.

Mzigo_Houston
Shikamoo Babu, asante. Stika ni 33,000 na kitu, amefika 31,000. Nikitoa kianzio nakopa 28,000 kwa miezi 60. Benki imenipa 7%.

Njeri_Dallas
Sasa tunaongea. 28,000 kwa 1.9% ni kama $490 kwa mwezi, jumla utalipa karibu $29,370. Ukichukua ribeti unakopa 25,500 kwa 7%, ni $505 kwa mwezi, jumla karibu $30,300. Riba ndogo inashinda kwa zaidi ya $900.

Lakini usisimame hapo. Nenda krediti yunioni, kile chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Wakikupa 5%, ile 25,500 inakuwa $481 kwa mwezi na jumla $28,870. Hapo ribeti inashinda kwa kama $500. Jibu liko kwenye riba utakayoipata nje ya yadi.

Mwanaasha_Columbus
Mimi riba siigusi, iwe 7 au 1.9. Kusanya, nunua taslimu, chukua ribeti yako, ondoka.

Njeri_Dallas
Dada Mwanaasha, na zile ofa za 0%?

Mwanaasha_Columbus
Nilimuuliza imamu wetu. Akasema nisome mkataba, kwa sababu nyingi zina faini ya kuchelewa. Nikauacha. Kila mtu na dhamira yake, simhukumu mwenzangu.

Kijana_wa_Tanga
Kwa nini mpya kabisa? Toyota ya miaka mitatu, mtu mwingine ameshakula hasara ya mwanzo. Hiyo 2025 ukitoka nayo getini inahesabika ya mwaka jana. Ikigongwa ikafa, bima watakulipa thamani ya 2025, hawajali ulinunua lini.

Babu_Oakland
Kweli, ila kama anakaa nalo miaka kumi hiyo tofauti inayeyuka. Akitaka kuuza baada ya miwili, basi punguzo lazima lizidi hasara hiyo.

MamaPendo_Minneapolis
Naomba niseme yaliyomkuta mdogo wangu, maana bado yananiuma. Aliona tangazo la gari lililobaki, bei imeshuka karibu $6,000. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, akaenda moja kwa moja bila kulala. Kufika, ile bei ilikuwa imejumlisha ribeti zote duniani: ya wanajeshi, ya waliomaliza chuo karibuni, ya mwenye gari la kampuni hiyohiyo, na ya anayeacha gari lake la zamani pale. Yeye hakustahili hata moja. Bei ikapanda mbele ya macho yake. Akakalishwa masaa manne, wanaongea malipo ya mwezi tu, jumla hawaitaji. Kwenye ofisi ya kusaini akapewa karatasi: kuchora namba kwenye vioo $399, naitrojeni kwenye matairi $199, kinga ya rangi $895. Akauliza, akaambiwa vimeshafungwa, haviondoki. Akasaini kwa uchovu. Kumbe lilikuwa gari la kujaribishia wateja, lina maili 3,800, na waranti ilikuwa imeanza kuhesabiwa miezi mingi nyuma.

Kwa hiyo mdogo wangu Mzigo, dai bei ya mwisho na kila ada, kwa maandishi, kabla hujatoka nyumbani. Uliza waranti imeanza lini. Fungua mlango wa dereva usome mwezi wa kutengenezwa. Tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT kwenye tairi ni wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa.

Njeri_Dallas
Pole sana Mama Pendo. Masaa manne baada ya zamu ya usiku!

Kijana_wa_Tanga
Kama ni lazima iwe mpya, soma VIN, ile namba ya utambulisho wa gari. Tucson nyingine zinatoka Alabama, nyingine Korea. Ikianza na 5 ni ya Marekani, ikianza na K ni Korea. Sheria ya Marekani ya 2025 inaruhusu kukata riba ya mkopo wa gari jipya lililounganishwa Marekani kwenye mapato yanayotozwa kodi, hadi $10,000 kwa mwaka, mpaka 2028. Kipato kikipita 100,000 kwa asiye na ndoa inaanza kupungua.

Mzigo_Houston
Nimetoka kuangalia picha alizonitumia. Inaanza na K. Wanayo nyingine ya 5, nyeupe, ila stika yake imezidi kwa $900.

Babu_Oakland
Imekaa hapo tangu lini hiyo nyeupe?

Otieno_Baltimore
Samahani kuingilia. Hizi mtu akitaka kuzipeleka Mombasa baadaye?

Njeri_Dallas
Usukani wa kushoto, Kenya hawatakusajilia. Fungua uzi wako, hapa tumsaidie Mzigo. Mzigo, krediti yunioni umepiga?

Mzigo_Houston
Wanafungua Jumatatu. Muuzaji ameshanipigia mara mbili leo.